Matundu Niliyoyaziba

Mimi siwezi kukaa katika chumba kilichofungwa madirisha. Watoto wangu wanajua, wakwe zangu wanajua, na dereva wa teksi aliyenipokea Mahajanga, huko Madagaska, mwezi uliopita alijua kabla hatujafika kona ya kwanza. Alikuwa amepandisha vioo ili ubaridi wa mashine yake usipotee, nami nikashusha changu mpaka mwisho. Alinitazama kupitia kile kioo chake kidogo, akaziona mvi, akanyamaza. Uzee nao una faida zake.

Nilikwenda kumtazama mtoto. Mdogo wangu wa mwisho amekwishakuwa babu siku nyingi, na mjukuu wake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo wetu, mkubwa aliyebaki ni mimi, kwa hiyo ilinibidi niyaache magoti yangu yalalamike na nivuke bahari kutoka Tanga nilikoolewa. Kiswahili hiki ninachokuandikia ndicho nilichozeekea. Nilichozaliwa nacho kilikuwa Kikomoro cha ndani ya nyumba na Kimalagasi cha barabarani, na Kiswahili kwetu kilikuwa maneno machache tu ya wazee wa msikitini na wa bandarini. Basi watu nitakaowasemesha hapa, maneno yao nimeyavusha mimi mwenyewe.

Nyumba ya mdogo wangu ni nzuri, tena ya vigae. Mzazi na mtoto waliwekwa chumba cha ndani. Nilipofunguliwa mlango nikapokewa na harufu nne kwa mpigo: rangi mbichi ya kitanda cha mtoto, dawa ya mbu ile ya kuzunguka kama konokono ikifuka pembeni, marashi ya kopo yenye harufu ya limau ambalo halijawahi kuona mti, na chini ya hayo yote unyevu wa ukuta usiopigwa na jua. Dirisha la kioo lilikuwa limefungwa ndi. Sikusalimu mtu. Nilikwenda moja kwa moja nikalisukuma.

Mdogo wangu, mzee wa ndevu nyeupe, akacheka mpaka akakohoa. "Dada, hata kitako hujakaa, umeshawakaribisha mbu wa Mahajanga nzima!"

"Mbu hunywa kidogo akaenda zake," nikamjibu.

Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hakuna aliyejua ninachokimbia. Hata yeye hakujua, na jambo lenyewe ni lake kuliko la mtu yeyote.

Lakini twende kwanza Nosy Be, kisiwani nilikokulia, maana usipoiona nyumba ile hutaielewa hii nyingine.

Nyumba ya Koko, ndivyo sisi Wakomoro tumwitavyo bibi, ilikuwa nje kidogo ya mji wa Andoany, kwenye njia ya kuelekea mashamba ya langilangi. Kuta zake zilijengwa kwa vikonyo vya majani ya mravinala, ule mti wenye majani kama ya mgomba, vimepangwa na kufungwa kimoja kimoja, na paa lake lilikuwa la majani hayohayo. Asubuhi jua liliingia ndani kwa mistari. Nilikuwa nikilala nikiihesabu mistari ile juu ya miguu yangu mpaka Koko aniite mara ya tatu, na ya tatu ilikuja na kijiti cha ufagio. Palipopita jua palipita na upepo, na sauti za kuku, na umbea wa jirani wote bila kupungua neno.

Mafiga yalikuwa ndani, chumba cha nyuma. Koko alipikia kuni, na moshi wake haukuwa na mlango maalumu, ulitoka popote. Ukisimama njiani alfajiri uliiona nyumba nzima inafuka kuanzia kuta hadi paa, na mgeni angedhani inaungua. Nami niliupenda moshi ule, sitaki kudanganya. Ulinukia ukoko wa wali, na samaki wa chumvi waliotundikwa juu ya moto, na msimu wa langilangi ukija, mitambo ya kuchemshia maua ilituletea harufu yake ikiwa imechanganyika na moshi wa kuni zake. Mpaka leo nikinusa manukato ya maua yale bila moshi ndani yake, naona kama nimeibiwa kitu.

Usiku tulisomea kibatari cha mafuta ya taa. Asubuhi watoto tulishindana kupenga kamasi, na mwenye nyeusi zaidi ndiye mshindi. Mimi nilishinda mara nyingi kwa kuwa nilikaa karibu na utambi, na watu wazima waliuita ule usomaji. Koko alikuwa na macho mekundu na kikohozi cha mafiga. Wanawake wote wa rika lake walikuwa nacho, na ilikuwa desturi kumjua anayekuja njiani kwa kikohozi chake kabla hujamwona uso. Nani angeuita ugonjwa? Tuliona ndiyo sauti ya bibi. Leo najua kwamba moshi ule niliousifu ulikuwa ukiwala polepole, kidogo kidogo, kwa heshima.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, serikali mpya na bendera mpya, na vijana wa dawa walikuja wakiwa na mitungi mgongoni kupuliza nyumba dhidi ya mbu. Tulitoa vyungu nje, wakapuliza kuta mpaka zikawa na unga mweupe, wakaandika namba ya chaki mlangoni, wakaondoka wakiimba. Usiku uleule tulilala humo humo. Siku tatu nne harufu ilikuwa imekwishatoka kwenye nyufa, lakini paka wetu walikuwa wamekwishajilamba, na wakafa. "Serikali yetu imeua mbu," alisema Koko, "ikaua na paka, ikatubakizia panya." Kisha akatazama huku na huku kama kuna mtu aliyemsikia, akacheka.

Koko alikuwa mkunga. Kutoka Andoany mpaka mashambani, wanawake wangapi walizalia mikononi mwake, hata yeye hakujua. Na yeye mila yake ilikuwa ya moto. Alisema, "Mzazi ni chungu kibichi, bila moto hakishiki maji." Mwanamke akishajifungua, siku saba alilazwa karibu na moto, akandwe kwa maji ya majani, anywe uji wa moto, na upepo usimguse, kwa maana mwili wa mzazi uko wazi na upepo ukiingia hautoki. Wasakalava walifanya hivyo, Wakomoro walifanya hivyo, na Koko alichanganya ya huku na ya kule. Sikuwahi kuona mzazi aliyezalishwa naye akifa. Aliuchunga moto kwa macho yake. Moshi ukimtoa machozi alivuta ukuni mmoja nje, yakikauka aliurudisha. "Moshi ndio saa yangu," alisema. Kumbuka neno hilo.

Nilipokuwa na miaka tisa baba alipata kazi karakana ya bandarini Mahajanga. Mama alikuwa mja mzito, kwa hiyo haikuwezekana kwenda bila Koko. Tulipanda meli ya mwambao, Koko akiwa na godoro lake, kapu la majani makavu ya dawa na kuku mmoja aliyetapika kabla yetu. Baba alikuwa ametangulia, na amepata nyumba mtaa wa Mahabibo. Nyumba ya simenti! Mlango wa mbao uliofungika barabara, madirisha ya mbao yaliyofungika barabara, na juu kabisa, karibu na dari, safu ya matofali yenye matundu. Wageni walipokuja baba aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole ili wasikie ulivyo mzito. Hata wasipouliza aligonga.

Koko aliingia, akasimama katikati ya chumba, akakohoa. "Humu mtu akikohoa," alisema, "kikohozi kinamrudia." Pembe moja ilikuwa na ukungu wa kijani, nayo ilinuka kama kikapu kilicholazwa samaki. Lakini baba alifurahi mno, na mama alikuwa amevimba miguu, basi Koko akatandika mkeka wake.

Kilichomvutia Koko ni makaa. Mahajanga mjini walipikia makaa, kwenye jiko dogo liitwalo fatapera. Koko hakuwa ameyazoea. Siku ya kwanza alichutama mbele ya lile jiko akitazama wekundu bila moshi, akapitisha mkono juu yake kama anayetafuta uwongo ulipo. "Moto huu una adabu," alisema. Wiki mbili tu, macho yake yakawa meupe. Kikohozi kikapungua. Aliweza kumaliza sentensi nzima bila kushika kifua. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi yangu hivyo, na nilimpenda zaidi, kama inawezekana kumpenda mtu zaidi kwa sababu amepona.

Mdogo wangu alizaliwa kabla ya adhuhuri, akalia kwa hasira, Koko akamcheka. Baada ya kumsafisha mama alianza kuzunguka chumba akiwa amenyoosha kiganja, anautafuta upepo. Kule Nosy Be hakuwahi kufanya hivyo, maana ungeuzuia upepo wapi katika nyumba ya majani? Hapa ulikuwa mmoja tu, unatoka kwenye yale matundu ya juu, mwembamba na wa baridi, unamshukia mama shingoni. Koko alipata jibu palepale. "Afadhali nyumba hii," alisema. "Hii inafungika."

Mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi juu ya bega, tangu alipoanguka na mtungi miaka ya nyuma. Kwa hiyo akaniita mimi. Nilipanda juu ya kasha la nguo, naye akanipa matambara: leso kuukuu za mama, shati la baba lililochanika, kipande cha mkeka. Niliyaziba matundu moja moja, nikayashindilia kwa mpini wa ufagio. Tambara lililobaki nikalilowesha, nikalisukuma chini ya mlango. Koko akanyoosha tena kiganja chake. Hakuna kitu. Akanitazama pale juu ya kasha.

"Una mkono wa mkunga," alisema.

Msomaji wangu, nilikuwa na miaka tisa. Sikuwa nimewahi kuambiwa neno zuri kama hilo, na sidhani kama nimeambiwa jingine tangu siku ile.

Siku za kwanza hazikuwa na neno. Wageni waliingia na kutoka, mlango haukupoa, baba naye akichungulia kila saa. Mama alilalamika kichwa. Koko alisema ni maziwa yanapanda, akamfunga kitambaa kipajini. Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ya saba. Siku ya saba ndiyo ya kuuaga moto. Kwa desturi ya Koko wageni hawaji kabla ya alasiri, na moto huwa mkali kuliko siku zote, ili mzazi aufunge mwili wake. Asubuhi ile alijaza makaa fatapera mbili badala ya moja, akaziweka pande mbili za kitanda, akatupia na ubani. Baba alikwenda karakana. Mimi niliambiwa niende chuoni nikasome, nisirudi na upepo wa barabarani.

Kanuni ya kuingia ilikuwa hii. Mtu atokaye nje asifungue mlango mwenyewe. Apige hodi, angoje, Koko aje na chetezo cha ubani, amfukizie nguo ndipo aingie. Na chuoni mwalimu wetu alikuwa ametufundisha, tena kwa bakora, kwamba hodi ni tatu, na ukipiga ya tatu usiitikiwe, huna ruhusa ya kugusa mlango wa watu. Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Huo ndio uliokuwa msiba wangu.

Nilirudi jua likiwa utosini. Nje ya ua wetu jirani yetu, mama mmoja wa Kisakalava, alikuwa akikaanga mokari, vile vitumbua vya mchele na tui, na aliniwekea viwili kwenye jani la mgomba. "Kimoja chako, kimoja cha mama," alisema. Nikaenda mlangoni nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, nikasikiliza. Nikapiga ya tatu, kwa sauti nzuri ya adabu. Kimya kilekile.

Basi nikangoja.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nilikaa kizingitini nikala mokari yangu. Ilikuwa moto bado, na pembeni imekauka vizuri. Niliila polepole, nikilamba na mafuta ya vidole. Nilidhani Koko amesinzia, na nilijua hasira zake akiamshwa. Ilipoisha nikaitazama ile ya mama. Nikasema nitamega kidogo tu pembeni, mama hatajua. Nikamega. Kisha upande wa pili, ili ionekane sawa. Nilikuwa nimefika katikati kivuli cha jirani kiliponiangukia.

"Zaza," aliniita, yaani mtoto, "mbona bado uko nje?"

"Koko hajaitika."

"Tangu nilipokupa mokari?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Yule mama alipiga hodi moja tu. Kwao pia hodi ni hodi, neno ni lilelile, lakini hakungoja ya pili. Alisukuma mlango, tambara likaukwamisha, akarudi nyuma akaupiga kwa bega.

Hakukuwa na moshi. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Chumba kilikuwa safi, kina joto na harufu nzuri ya ubani, na makaa mekundu yametulia pande mbili za kitanda. Mama amelala na uso wake una rangi ya kupendeza. Koko ameegemea ukuta, tasbihi kiganjani, kidevu kifuani. Ungedhani nyumba yote imepumzika. Jirani alipiga kelele ambayo sikuwahi kumsikia mtu akipiga, akamnyakua mtoto kitandani, akanitupia mikononi. "Nje! Mpeleke nje! Mpepee!"

Nilisimama uani na mdogo wangu. Alikuwa mzito na mlegevu, kichwa chake kinafuata popote mkono wangu unapokwenda. Hakulia. Nilimpulizia usoni. Nilimpulizia kwa pumzi yenye harufu ya mokari ya mama, nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, nitakurudishia, nitakurudishia yote, hata ile yangu. Watu walikuwa wakija mbio, wakamtoa mama na mkeka wake, wakamtoa Koko kwa kumburuta. Sikuwatazama. Nilikuwa nampulizia tu. Mara akakunja uso. Akapiga chafya, ndogo sana, akatapika maziwa juu ya kanzu yangu ya chuoni, kisha akalia. Niliketi palepale chini.

Mama aliamka akitapika. Koko alichukua muda, mpaka adhana ya alasiri. Mvuta riksho mmoja alikuwa amekimbilia zahanati, akamleta muuguzi wa kike na mkoba wake, na baba akafika kutoka karakana bila kofia. Muuguzi aliwatazama macho, akashika mishipa ya mikono, kisha akaingia chumbani peke yake akasimama mlangoni. Aliangalia makaa. Aliinua macho akaangalia matundu.

Alipotoka hakupiga kelele. Alichutama karibu na Koko. "Dadi," alisema, ndivyo Wamalagasi wa kwetu wamwitavyo bibi, "makaa hula hewa ya chumba, yakaacha sumu isiyo na harufu. Kuni zingekukimbiza kwa moshi. Haya hayakuambii. Kule kwenu nyumba ilikuwa inakusaidia." Kisha akauliza, "Matundu yale nani aliyaziba?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba.

"Mimi," alisema Koko.

Muuguzi aliutazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umelala mapajani. Hakuna asiyejua mtaani kwetu kwamba mkono ule haupandi. Baba naye aliutazama. "Ulifika kule juu, Dadi?" aliuliza muuguzi.

"Nilipanda juu ya kasha," alisema Koko. "Niliyaziba mimi."

Hakuna aliyemuuliza tena. Na mimi, mwenye mkono wa mkunga, nilinyamaza.

Kesho yake Koko aliomba nimshikie baba kasha, naye baba akapanda akayatoa matambara. Koko aliyafua, akayaanika, akayakunja moja moja kama nguo za mtu aliyesafiri. Baada ya wiki mbili aliomba kurudi Nosy Be. Mama alilia, akamsihi, akamwambia mbona sote tumo hai. Koko alisema amemkumbuka kuku wake, ingawa kuku tulikuwa tumekuja naye. Alirudi kwenye nyumba ya mistari ya jua, kwenye kuni na machozi, na kikohozi chake kikamrudia, tena kwa riba. Wanawake walipotuma watu kumwita, alijibu, "Mikono yangu imesahau." Hakuzalisha tena. Watu wa mashambani walidhani ameringa kwa kukaa mjini.

Nilimwendea likizo, kila mwaka. Nilikuwa na kumi na nne nilipopata ujasiri. Tulikuwa jikoni, yeye akipepea kuni, mimi nikichambua mchele, na moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba nisingeonekana uso. Labda ndiyo maana niliweza. "Koko, wewe hukuyaziba. Ni mimi."

Alivuta ukuni mmoja nje, akafuta macho kwa pindo la leso. "Mtoto hana mkono," alisema. "Mkono wa mtoto ni wa aliyemtuma."

"Na nilikaa mlangoni, Koko. Nilikuwa nakula."

Aliurudisha ukuni motoni. "Ulikuwa na njaa," alisema. "Chambua mchele."

Alifariki miaka miwili baadaye, kifua. Safari hii, baada ya kumwona mtoto, nilipita Nosy Be. Pale palipokuwa na nyumba yake pana nyumba ya matofali, bati jekundu, madirisha ya kioo, na mashine ya baridi inadondosha maji ukutani. Nyumba za majani zimebaki chache, za watu wasio na hali, na za watalii wanaolipa ili walale humo. Siwaonei gere walio kwenye matofali. Wanafunga mlango wakati wa kimbunga, na bibi zao hawakohoi. Lakini nilisimama njiani alfajiri kuitazama ile nyumba, nikangoja ifuke, na haikufuka. Nikajua kwamba hakuna tena mtu duniani anayejua moto kwa machozi yake, na kwamba yule aliyejua niliachia heshima yake iende ili yangu ibaki. Nilimlilia pale njiani kama amekufa jana.

Nilirudi Mahajanga. Jioni ile ile nilimwita mdogo wangu barazani nikamwambia yote, matundu, hodi tatu, mokari. Sikupunguza. Alisikiliza, mkono kwenye ndevu. Ndani mtoto alikuwa akilalama.

"Ile ya mama," aliuliza mwishowe. "Uliila mpaka wapi?"

"Nusu."

Alitikisa kichwa polepole. "Ungeimaliza," alisema, "nisingekuwapo." Akainuka akaingia ndani. Nilimsikia akilisukuma dirisha la chumba cha mzazi, lile nililolifungua mimi na wao wakalifunga, kisha akaenda la pili, kisha la sebuleni. Hakurudi barazani. Sikulala usingizi mzuri.

Asubuhi nilimkuta mezani na kikaratasi cha mafuta mbele yake. Alikuwa ametoka mapema kwenda kwa wakaanga mokari, mzee mzima na fimbo yake. Alitoa moja, akaikata katikati kwa vidole, nusu akaila yeye. Nusu nyingine akaisukuma upande wangu wa meza.

"Malizia, Dada," alisema.

Nikaimaliza.